Kunyamazisha jeni za kuvu ya chule: kazi ya maabara na shamba Malindi

Embe lililochumwa Gede au Magarini linaweza kuwa safi kabisa siku ya kuchumwa, na kabla ya wiki kwisha likajaa madoa meusi yanayodidimia hadi kwenye nyama. Hiyo ni chule. Kuvu inayoileta, ya jenasi ya Colletotrichum, haikuingilia garini wala sokoni. Iliingia embe lilipokuwa ua au tunda changa, mvua iliporusha spori kutoka kwenye vijiti vilivyokauka mtini. Ikapenya ngozi kidogo, kisha ikalala ikingoja tunda liive. Mtafiti anayetaka kunyamazisha jeni za kuvu hii aanze na jambo hilo, kwa sababu litamfuata hadi jaribio la mwisho: kila embe analoleta maabara huenda tayari lina kuvu ndani.

Kunyamazisha jeni si kuua kuvu, wala si kuiondoa jeni. Jeni hubaki mahali pake kwenye DNA. Kinachoharibiwa ni ujumbe wake, ile RNA inayobeba maagizo ya kutengeneza protini. Seli ikikuta RNA ya nyuzi mbili, kimeng'enya kiitwacho Daisa huikata vipande vya nukliotidi (herufi za RNA na DNA) 21 hadi 25 hivi. Protini ya Agonoti huchukua uzi mmoja wa kipande na kuutumia kutafuta ujumbe unaolingana nao, na ujumbe huo hukatwa. Romano na Macino walieleza unyamazishaji katika kuvu ya Neurospora crassa mwaka 1992, na mwaka 1998 Fire na Mello wakaonyesha kwamba chanzo ni RNA ya nyuzi mbili, kazi iliyowapa Tuzo ya Nobel mwaka 2006. La kushika hapa ni kwamba ujumbe hupungua, na ni nadra kwisha. Ukipunguza asilimia 70 ya ujumbe wa jeni ambayo kuvu inaweza kuishi na robo yake tu, hutaona badiliko lolote kwenye sahani ya kukuzia hata kama kazi yako ilikuwa sahihi. Watafiti wengi wachanga hukata tamaa hapo, na wengine hufanya vibaya zaidi: huongeza kipimo hadi kuvu idhoofike kwa sababu nyingine kabisa, kisha wakaita hali hiyo unyamazishaji.

Kuna maswali mawili ya kujibiwa kabla ya kununua chochote. La kwanza, je, kuvu yako ina mitambo hiyo? Hamira ya mikate, Saccharomyces cerevisiae, haina. Ustilago maydis, kuvu ya fugwe la mahindi, haina. Hata miongoni mwa kuvu zinazoambukiza watu zipo zilizoipoteza, kama baadhi ya koo za Cryptococcus gattii, ilhali ndugu yake Cryptococcus neoformans anayo. Colletotrichum inayo. La pili ndilo gumu kwetu: je, kuvu yako inaingiza RNA kutoka nje, yaani ile utakayoitengeneza na kuinyunyiza? Majaribio yaliyochapishwa mwaka 2021 yalilinganisha kuvu kadhaa. Botrytis cinerea, Sclerotinia sclerotiorum, Rhizoctonia solani na Aspergillus niger ziliingiza RNA vizuri, Trichoderma virens kidogo, na Colletotrichum gloeosporioides haikuonekana kuingiza kabisa. Kwa mtu anayeshughulikia maembe ya Malindi hiyo ni habari nzito. Msimamo wangu ni kwamba matokeo hayo yasikufukuze kazini, lakini pia usiyapuuze kwa sababu tu mfadhili anataka picha ya bomba la kunyunyizia. Spishi ziko nyingi ndani ya kundi hilo moja, na spori inayoota si sawa na uzi wa kuvu uliokomaa. Basi pima kuvu uliyotoa wewe mwenyewe kwenye maembe ya hapa, mapema, kwa jeni moja tu.

Kuipata kuvu hiyo ni kazi ya kawaida ila inataka usafi. Kata vipande vya milimita 3 hadi 5 kwenye ukingo wa doa, mahali palipo nusu pagonjwa nusu pazima, kwa maana katikati ya doa kumeshavamiwa na bakteria na kuvu za kuozesha. Tumbukiza kwenye ethanoli ya asilimia 70 kwa sekunde 30, kisha hipokloriti ya sodiamu ya asilimia 1 kwa dakika moja, suuza mara tatu kwa maji yaliyotakaswa, kausha kwenye karatasi safi, halafu weka juu ya agari ya viazi. Ukiitengeneza mwenyewe: gramu 200 za viazi vilivyochemshwa na kuchujwa, gramu 20 za glukosi, gramu 15 hadi 20 za agari, ukamilishe lita moja, utakase kwa nyuzi 121 dakika 15, na uongeze streptomaisini miligramu 100 kwa lita ikishapoa kiasi cha kushikika. Kuvu hii hupenda nyuzi 25 hadi 28. Wakati wa kaskazi chumba kisicho na kiyoyozi hapa hupita hapo, na kuvu zikikuzwa katika joto linalopanda na kushuka hazilinganishiki wiki hii na ijayo. Kabati la joto lenye uwezo wa kupoza pia ni la lazima. Lile la kupasha tu halikufai Malindi.

Anza ukoo wako na spori moja. Usiridhike na jina linalotolewa na eneo la ITS (kipande cha DNA kinachotumika sana kutambulisha kuvu) peke yake, kwa kuwa kundi la gloeosporioides lina spishi nyingi ambazo ITS haiwezi kuzitenganisha: asianum, siamense, fructicola na nyingine, zote zimepatikana kwenye maembe duniani. Ongeza angalau jeni ya GAPDH na beta-tubulini, na ApMat ukiweza. Hilo lina maana ya moja kwa moja kwenye kazi hii. RNA uliyobuni kwa mfuatano wa spishi moja ikikutana na spishi jirani yenye tofauti kila baada ya nukliotidi chache, vipande vingi havitalingana, na utailaumu mbinu bure. Hifadhi akiba katika gliseroli ya asilimia 20 kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri, na seti nyingine kwenye karatasi ya chujio iliyokaushwa vizuri, ndani ya mfuko wenye silika. Umeme ukikatika usiku kucha, karatasi kavu ndiyo inayobaki.

Katika kuchagua jeni, wengi hukimbilia CYP51, kwa sababu ndiyo inayolengwa na viuakuvu vya kundi la azoli, na kwa sababu mwaka 2016 ilionyeshwa kwamba kunyunyiza RNA ya jeni za CYP51 kwenye majani ya shayiri kulipunguza Fusarium graminearum. Ni shabaha nzuri. Ila kwa jaribio la kwanza mimi huchagua jeni ya melanini, PKS1. Kuvu ya chule hupasua ngozi ya tunda kwa kifundo cheusi kilichojaa shinikizo, na weusi huo ni melanini. Bila melanini kifundo hupauka na hushindwa kutoboa. Faida yake ni kwamba jicho linaona. Hadubini ya kawaida yatosha kukuonyesha vifundo vilivyopauka kando ya vyeusi, kabla hujatumia senti kwenye vipimo vya bei. Pia kuvu isiyo na melanini huendelea kuishi kwenye sahani, kwa hiyo hutachanganya unyamazishaji na sumu.

Kipande cha jeni cha urefu wa jozi 200 hadi 500 za nukliotidi kinafaa. Kabla ya kukiagiza, kikate kwenye kompyuta kiwe madirisha ya nukliotidi 21, kila moja likisogea nukliotidi moja mbele ya lililotangulia. Kipande cha 300 hutoa madirisha 280. Tafuta kila dirisha kwenye jenomu ya mwembe, ya nyuki, ya binadamu na ya Trichoderma, kuvu rafiki wa mkulima. Dirisha moja likilingana kikamilifu na jeni ya nyuki, sogeza kipande. Maua ya mwembe huchavushwa na nzi na nyuki, na mkulima wa Magarini mwenye mizinga hatakusamehe.

Utengenezaji wenyewe ni hivi. Viasili viwili (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia) vya PCR, mbinu ya kuzidisha DNA, kila kimoja kikiwa mbele yake na mfuatano wa T7, pale kimeng'enya cha unukuzi kinaposhika, TAATACGACTCACTATAGGG. Bidhaa ya PCR isafishwe, kisha unukuzi, yaani kutengeneza RNA kutokana na DNA hiyo, kwa nyuzi 37 kwa saa 4 hadi usiku mmoja, halafu DNase, kimeng'enya cha kula DNA, kwa dakika 15. Pasha hadi nyuzi 85 au zaidi na uache ipoe polepole ili nyuzi zishikane. Ondoa nyuzi pweke kwa RNase A, kimeng'enya cha kula RNA, ndani ya chumvi nyingi, molari 0.3 ya kloridi ya sodiamu au zaidi, maana katika chumvi hiyo RNase A haigusi nyuzi mbili. Ukiacha chumvi pungufu, italiwa yote. Kwenye jeli utegemee mstari mmoja mkali. Mtawanyiko unaoteremka ni dalili ya kuoza, na mistari juu ya ule uliotarajiwa ni nyuzi zilizojikunja vibaya, basi rudia kupasha na kupoza. Unapopima kwa mwanga wa nanomita 260, usitumie kigezo cha maikrogramu 40 kwa mililita, ambacho ni cha RNA ya uzi mmoja, la sivyo utakuwa na RNA nyingi kuliko unavyodhani.

Adui wa hatua hii ni RNase, na joto la pwani humpa msaada. Jasho la mkono lina RNase, na jasho hapa halikauki. Glavu zibadilishwe kila unapogusa mlango, simu au paji la uso. Usitegemee otoklevu, chombo cha kutakasa kwa mvuke, kwa sababu RNase A hustahimili joto lile. Maji yatiwe DEPC, kemikali ya kuzima RNase, ya asilimia 0.1 usiku mzima ndipo yatakaswe kwa joto, lakini bafa yenye Tris isitiwe DEPC kamwe kwa kuwa viwili hivyo humaliziana nguvu. Kuvu zenyewe humwaga vimeng'enya vya kuvunja RNA kwenye maji zinamoota. Kwa hiyo chukua maji hayo, tia RNA yako, uichunguze kwenye jeli baada ya saa 1, 6 na 24. Jaribio hili rahisi hurukwa sana, na mara nyingi ndilo linaloeleza kwa nini kunyunyiza kulishindwa.

Kupima kama RNA inaingia, ipake rangi ya fluoresini, iweke pamoja na spori kwenye tone la maji kwa saa 10 hadi 12, kisha, kabla ya kutazama, osha kwa nukliasi ya maikrokokasi, kimeng'enya kinachovunja RNA iliyobaki nje, nusu saa kwa nyuzi 37. Bila kuosha hivyo utaona mng'aro mzuri wa RNA iliyong'ang'ania ukuta wa nje, na picha hiyo imewadanganya wengi. Weka vilinganishi viwili: rangi peke yake isiyoshikamana na RNA, na spori zisizotiwa kitu, kwa kuwa ukuta wa kuvu hung'aa wenyewe kidogo. Vaa miwani ya kinga. Colletotrichum imewahi kuripotiwa kuambukiza kioo cha mbele cha jicho (konea), hasa jicho lililokwaruzwa.

Kisha kipimo cha ujumbe. Nyuzi za kuvu zisagwe zikiwa zimegandishwa kwa naitrojeni ya majimaji. Mjini ukikosa, waulize wanaopandisha ng'ombe kwa mbegu zilizogandishwa, kwa maana mbegu zile hukaa ndani ya naitrojeni hiyo hiyo. Sampuli za kusafirishwa Kilifi, Mombasa au Nairobi ziloweshwe kwenye kihifadhi cha salfeti ya amonia. Sasa tega sikio hapa: viasili vya qPCR, ile PCR inayopima kiasi cha ujumbe, viwe nje ya kipande ulichotumia kunyamazisha. Vikiwa ndani, vitakuza ile RNA uliyoitia wewe mwenyewe, na jeni iliyonyamazishwa itaonekana imepanda mara mia. Tumia angalau jeni mbili za marejeo, za kulinganishia, na uhakikishe kwanza kwamba hazibadiliki na matibabu yako. Beta-tubulini haifai kuwa marejeo kama ndiyo unayoilenga. Mizunguko 2 ya tofauti kwenye qPCR ina maana robo ya ujumbe imebaki, alimradi ufanisi wa viasili uko karibu na asilimia 100. Ujumbe ukipungua na dalili isionekane, kumbuka protini zilizokwisha tengenezwa huendelea kuishi. Subiri, pima tena baada ya saa 48.

Kilinganishi kisichokubali mjadala ni RNA ya nyuzi mbili ya jeni isiyokuwapo kwenye kuvu, kwa kawaida ya GFP (protini ing'aayo kijani), yenye urefu ule ule, kipimo kile kile, iliyosafishwa siku ile ile. Maji peke yake hayatoshi. Mabaki ya chumvi na vimeng'enya vya unukuzi yanaweza kudumaza spori, na mmea wenyewe huweza kuamsha kinga ukihisi RNA ngeni yoyote. Ukiona GFP inapunguza madoa sawa na CYP51, hujanyamazisha kitu.

Kama RNA ya nje haifanyi kazi, usihukumu jeni bado. Tengeneza kuvu yenye pini ya RNA ndani yake: kipande mara mbili kikitazamana, introni (kipande ambacho seli hukikata na kukitupa) katikati, kwenye plasmidi, duara dogo la DNA, kama pSilent-1, kisha vyote vihamishiwe kwenye plasmidi ya Agrobakteria, bakteria anayeingiza DNA kwenye seli nyingine, na kuingizwa kwa bakteria huyo na asetosiringoni ya kumwamsha maikromolari 200, kisha uchague kwa kiuavijasumu cha haigromaisini baada ya kutafuta kwanza kipimo kinachoua ukoo wako wa asili. Chukua wengi waliopona, maana kiwango cha unyamazishaji hutofautiana sana kati yao na wengine huipoteza pini baada ya kuhamishwa sahani mara kadhaa. Pini ikifaulu na kunyunyiza kukishindwa, tatizo ni mlango wa seli, au RNA imevunjwa kabla ya kuufikia. Vyote vikishindwa, tatizo ni jeni au kipande. Kuvu hizo ni viumbe vilivyobadilishwa kijenetiki, ziko chini ya Sheria ya Usalama wa Kibayolojia ya Kenya ya mwaka 2009, na hazitoki maabara kwenda kwenye mwembe wa mtu.

Jaribio la tunda ndilo linalokula muda. Chagua maembe ya aina moja, ngowe na ngowe, boribo na boribo, mabega yamejaa lakini bado kijani, kutoka miti isiyopigwa dawa. Maembe kumi ya mti mmoja yahesabiwe kama mti mmoja, basi ongeza miti. Yasafishwe kwa hipokloriti, yachomwe pini kina cha milimita 2 upande mmoja na upande mwingine yaachwe mazima, kwa sababu kidonda humsaidia kuvu kuruka hatua ya kifundo, na ukitumia kidonda tu jeni ya melanini itaonekana haina kazi. Tone la maikrolita 10 lenye spori 100,000 hadi 1,000,000 kwa mililita, kisanduku chenye karatasi yenye maji, nyuzi 25 hadi 28, upimaji wa kipenyo siku ya 3, 5 na 7. Mwenzako ndiye aandike namba za visanduku, wewe upime bila kujua kipi ni kipi.

Na ile kuvu iliyolala je? Funika matunda kwa mifuko ya karatasi yangali madogo, weka alama kila mahali pa tone, na kila mara weka maembe usiyoyatia spori kabisa. Doa likizuka pasipo na alama, halihesabiwi. Maembe hayo usiyoyatia spori yakioza kwa wingi, shehena nzima imeharibika. Itupe, usiitafutie takwimu za kuiokoa. Miezi ya baada ya mvua kubwa za kusi ndiyo mibaya zaidi kwa hili.

Kwenda shambani ni suala la hesabu kwanza. Kipimo kinachotumika sana kwenye majaribio ni nanogramu 20 kwa maikrolita, yaani miligramu 20 kwa lita. Mwembe mkubwa ukinyunyiziwa lita 10 unataka miligramu 200. Unukuzi mmoja wa maikrolita 20 hutoa kama maikrogramu 100. Mti mmoja unataka unukuzi kama huo mara 2,000, na kwa bei ya vitendanishi hivyo mradi mzima utakwisha kabla hujafika mti wa tatu. Njia ni bakteria HT115, ambayo haina RNase III, kimeng'enya kinachokata RNA ya nyuzi mbili, ikiwa na plasmidi L4440 inayobeba kipande chako, ikikuzwa na ampisilini na tetrasaiklini na kuamshwa kwa kemikali ya IPTG itengeneze RNA. Hata hapo, anza na vishada vya matunda vilivyofungwa utepe, si mti mzima.

RNA tupu haikai juani. Jua, mvua na vijidudu vya majani huivunja ndani ya siku chache. Kuibandika kwenye chembe za udongo wa hidroksidi ya magnesi na alumini kunasaidia: kazi iliyochapishwa mwaka 2022 kuhusu Botrytis kwenye nyanya ilirefusha kinga ya majani kutoka wiki 1 hadi 3, na ya matunda kutoka siku 5 hadi 10. Maji ya kisima yasitumike. Chumvi yake huchoma majani na vijidudu vyake hula RNA. Nyunyiza jioni.

Kwa mwenye shamba, usiseme umeleta dawa. Ukimwambia mzee umeleta dawa, atangoja chule ife kwa siku tatu kama anavyotarajia kwa dawa za kawaida za kuvu, na ataacha kupogoa vijiti vikavu ambavyo ndivyo ghala la spori. Mwambie unapima, mkubaliane bei ya kila tunda la jaribio kabla ya msimu, kwa sababu matunda hayo hayatauzwa wala kuliwa, na aendelee na upogoaji wake kwenye miti yote sawasawa.

Ukiitwa kwenye usaili wa kazi hii, nawe uliza maswali yako. Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri iko kwenye jenereta gani, na nani huiwasha usiku? Kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya inayotoa vibali vya utafiti, na kile cha usalama wa kibayolojia vimeshatoka au vitaombwa ukishaajiriwa? Vitendanishi vinavyokuja na barafu kavu hupokelewa na nani Ijumaa jioni? Koo za kuvu zimetambuliwa kwa jeni ngapi? Na je, kuna mtu ameshaona, kwa hadubini na baada ya kuosha kwa nukliasi, RNA ikiingia ndani ya kuvu ile ya maembe ya hapa? Wakijibu hapana kwa hilo la mwisho, omba miezi ya kwanza iwe ya kazi hiyo peke yake, na iandikwe kwenye mkataba.